Nyumba ya Kale Isiyo na Ukuta wa Kale

Hakuna ukuta katika nyumba yetu ya Mtunda uliowahi kufikisha miaka thelathini. Mchwa hula miti iliyo ndani ya udongo, mvua ya masika hubwaga upande mmoja, nasi tunakandika upya. Makuti ya paa hayadumu hata muda huo. Kiwanja chenyewe si pale nyumba ilipoanzia. Lakini ukimuuliza shangazi yangu anaishi wapi, atakujibu kwamba anaishi katika nyumba ya babu yake, na kadiri ninavyoisoma historia ya Rufiji ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hajakosea.

Mimi ni mwalimu wa useremala. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wapya wanitajie nyumba za kihistoria za Pwani yetu, nao hutaja za mawe: Bagamoyo, Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe wa Unguja. Aliyetembea kidogo huongeza Lamu. Majibu hayo ni ya haki. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia nyumba ya Rufiji, hata wale waliozaliwa Ikwiriri na Bungu, na jambo hilo linaniuma. Linaniuma kama Mrufiji, na linaniuma zaidi kama fundi, kwa sababu najua dari za nyumba hizo za mawe zimebebwa na miti ya wapi.

Nilikwenda Mtunda mwezi wa Juni, mpunga ukivunwa. Basi la kutoka Mbagala Rangi Tatu hupita Mkuranga, Jaribu Mpakani na Bungu kabla ya kuingia Kibiti, mji ambao wasafiri wengi wa Lindi na Mtwara wanaujua kutoka dirishani tu: wauza korosho, mikeka ya ukindu iliyoviringishwa, chapati za stendi. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na wazee bado wakisema "Rufiji" wana maana ya nchi yote, kuanzia mabonde ya Utete hadi mikoko ya Salale. Kutoka stendi ni bodaboda, mikorosho kushoto na kulia, mpaka mchanga unapoanza kugeuka udongo mweusi na unaona kwa mbali ardhi ikishuka kuelekea bondeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Pita ndani, jua hilo."

Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa kwa nchi ile. Mbele kuna baraza ya udongo iliyosiribwa. Ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, vyumba viwili kila upande. Ua umezungushiwa makuti, na jikoni, juu ya mafiga, kuna uchaga ambapo mbegu ya mpunga hukaa katika moshi ili wadudu wasiiguse. Paa ni nusu bati, nusu makuti, kwa sababu fedha za korosho za mwaka uliopita ziliishia katikati. Kuta ni nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa. Ukiwa na jicho la kupita utasema ni nyumba ya juzi, na kwa sehemu kubwa utakuwa umesema kweli.

Mlango wa mbele ndio ulionizuia kupita. Ni mkongo, mbao mbili pana zilizoshikwa nyuma na papi tatu. Hauna bawaba za chuma. Unazunguka kwa ncha mbili za mti huohuo, moja imeingia katika tundu la kizingiti cha chini na nyingine katika kile cha juu, kama milango ya zamani ilivyotengenezwa kabla ya bawaba za dukani kufika huku. Hauna nakshi yoyote. Fundi aliulainisha kwa tezo, si kwa randa, na ukipitisha kiganja unazisikia alama za tezo zikipishana kama magamba ya samaki. Kisha nikachuchumaa, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani nilipokuwa mtoto nikija likizo. Kutoka chini hadi usawa wa magoti mti umegeuka rangi, na nyuzi zake zimefunguka. Mkongo haufanyi hivyo mahali pakavu. Mlango ule uliwahi kusimama majini, tena si mara moja. Na pale Mtunda, juu ya mwinuko, maji ya mto hayafiki.

"Huo ulitoka bondeni," shangazi aliniambia. "Babu yako aliubeba."

Ili kuelewa neno hilo moja, bondeni, lazima mtu ajue Rufiji ilivyokuwa kabla ya mwaka 1969. Watu wa bonde lile, Warufiji na Wandengereko, pamoja na Wanyagatwa wa deltani, hawakujenga vijiji vya kubanana. Kila familia ilikaa juu ya kingo zilizoinuka kandokando ya mto na mifereji yake ya zamani, nyumba mbili tatu hapa, nyingine kule, miembe katikati. Mpunga ulipandwa kwa mvua za kwanza, ukawa umesimama imara maji ya mto yanapopanda kati ya Februari na Mei. Maji yakishashuka, udongo wenye unyevu ulipandwa mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua, na kilimo hicho ndicho kinachoitwa mlao. Mtu alivuna mara mbili katika ardhi moja bila mbolea, kwa sababu mto ulimletea mbolea mlangoni. Mafuriko ya wastani yalikuwa neema. Yale makubwa yalifagia kila kitu, na hapo walinusurika wenye mlao mzuri.

Nyumba ya nchi hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Moja ni ile ya chini, ya kukandikwa. Ya pili ni dungu, nyumba ya juu ya nguzo, sakafu yake juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, paa la nyasi au makuti, ngazi ya miti ya kukwea. Maji yakipanda, familia ilihamia juu na kuku na mbegu na moto wake, mtumbwi ukafungwa kwenye ngazi. Maji yakishuka, dungu likawa la kulindia shamba: ndege mchana, nguruwe na viboko usiku. Ninapoeleza haya darasani, vijana hudhani dungu ni kibanda tu. Si kibanda. Kuzisimamisha nguzo katika udongo tifutifu ili zisilale mafuriko yanapozisukuma, na kuzifunga kwa kamba bila msumari hata mmoja, ni kazi ambayo mafundi wengi wa mjini hawaiwezi.

Utawala wa Wajerumani ulipoweka kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, kwa mara ya kwanza nyumba ya bondeni ikaandikwa katika daftari. Haikuandikwa nani aliijenga wala kwa nini mlango wake unatazama mtoni. Iliandikwa kama deni. Ikafuata pamba ya kulazimishwa, na tunajua ilipofikia: mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na tarehe 4 Agosti mwaka huohuo mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro, mji ambao hata leo ni safari fupi tu ng'ambo ya mto. Katika ukoo wetu vita hivyo vya Majimaji havisimuliwi kwa kirefu. Wanaposimulia, husimulia habari ya nyumba: kwamba watu walilala porini, na waliporudi walikuta majivu, wakaanza na nguzo upya mahali palepale.

Zile nguzo zilitoka wapi? Hapo ndipo inapoingia familia ya bibi yangu mzaa baba, watu wa delta.

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa mikoko ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mkoko wenyewe, msinzi na mkandaa ndiyo miti ya kujengea. Mkomafi hutazamwa zaidi na mafundi wa vyombo. Mikoko ya kujengea hupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huuzwa kwa korja, ishirini ishirini. Mti huu hauliwi na mchwa kirahisi kama miti ya bara, na umenyooka. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakaingia midomo ya mto kama Simba Uranga, yakapakia boriti, yakarudi na kusi. Boriti hizo zikawa dari za Muscat, za Kuwait, za Muharraq, pamoja na za Unguja na miji mingine ya Waswahili.

Fundi yeyote akiingia katika nyumba ya mawe ya zamani ataliona jambo moja. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu au chini yake. Ukuta wa mawe ungeweza kuvutwa urefu wowote anaoutaka tajiri mwenye nyumba, lakini upana ulikuwa mikononi mwa boriti, na boriti ilikuwa na urefu wake. Tajiri wa Unguja alilala katika chumba ambacho kipimo chake kiliamuliwa na mti uliokua katika matope ya Rufiji. Nimewapeleka wanafunzi Mji Mkongwe na kuwalaza chali sakafuni ili wazihesabu boriti. Huwa ndiyo saa ya kimya zaidi katika kozi nzima, na ndiyo saa niipendayo.

Mwaka 1939 baharia wa Australia Alan Villiers aliingia deltani katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, wakitafuta shehena ya boriti. Baadaye aliandika juu ya joto, matope, mbu na homa ya mahali pale, na aliyaona kama adhabu. Sina ugomvi naye. Mabaharia wale waliteseka kweli. Ila watu wa bibi yangu waliishi humo mwaka mzima. Walikata miti maji yakiwa yamejaa ili mtumbwi ufike karibu na shina, wakavuta gogo hadi kwenye chombo kabla maji hayajatoka, na waliolala juu ya boriti zile kule Ghuba hawakuwahi kusikia jina la kijiji chao.

Wajerumani walianza kuuweka msitu ule chini ya sheria mwaka 1898, Salale pakawa na kituo cha misitu, na tangu hapo mkazi wa delta ameukata mti wake kwa kibali cha mtu mwingine. Ni Salale hiyohiyo ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliiwinda kwa miezi, mpaka tarehe 11 Julai 1915 mizinga ya meli zao Severn na Mersey ilipoimaliza mtoni. Vitabu vya vita vimeandika mengi kuhusu meli hiyo. Mizinga yake kumi iliopolewa, na mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa. Bibi alisimuliwa na mama yake kwamba siku zile watu wa pembezoni mwa mifereji walihamia ndani zaidi ya mikoko, wakajenga vibanda vya muda kwa fito mbichi, na mikoko ikawaficha na ndege zilizopita juu. Kwangu mimi habari hiyo ya vibanda ina uzito sawa na ile ya mizinga.

Biashara ya boriti ilianza kuzima katikati ya karne ya 20, mafuta yalipoleta saruji na nondo Ghuba. Mwaka 1987 serikali yetu ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, kisha ikarudi kwa utaratibu wa vibali. Sasa mtu akitaka nguzo za nyumba yake anapita kwa wakala wa misitu. Siulaumu utaratibu huo. Delta imekatwa mno, na tangu mafuriko ya miaka ya 1970 yalipogeuza maji mengi matamu kuelekea matawi ya kaskazini, wakulima wamefyeka mikoko humo walime mpunga. Katika nyumba ya Mtunda zimebaki nguzo mbili za msinzi pembeni mwa mlango, zilizoletwa na bibi kama sehemu ya watu wake. Kila ukuta unapobomolewa nguzo hizo hutolewa, hukaguliwa, hukatwa kipande cha chini kilichooza, na hurudishwa zikiwa fupi kidogo.

Mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa makubwa. Chakula cha msaada kilipelekwa bondeni, na serikali ikaamua kwamba watu watoke kabisa mtoni wakakae juu, kando ya barabara, katika vijiji vya ujamaa. Rufiji ilihamishwa mwaka 1969, miaka minne mitano kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchi nzima. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: watu walikuwa wakizama, watoto hawakuwa na shule karibu, mgonjwa alifia kwenye mtumbwi. Shangazi hazikatai. Alisoma kwa sababu ya kijiji kile, na dada yake alijifungua salama kwa sababu ya zahanati. Lakini anayasema mambo mengine pia, na ninataka yaandikwe.

Alikuwa msichana aliyekaribia kuvunja ungo. Baba yake, ambaye ndiye babu yangu, aliambiwa achague kiwanja katika mstari, nyumba baada ya nyumba. Alirudi bondeni akaibomoa nyumba yake mwenyewe. Makuti yaliachwa. Fito ziliachwa. Nguzo nzuri zilifungwa kwa kamba zikavutwa na mtumbwi hadi maji yalipoishia, kisha zikabebwa vichwani. Mlango alioutengeneza baba yake uling'olewa pamoja na vizingiti vyake, akaubeba mgongoni kwa zamu na nduguye. Kule juu, kabla hakujawa na ukuta wowote, aliusimamisha kwanza mlango, ukakaa peke yake uwanjani siku kadhaa huku wakitafuta miti. Watoto walikuwa wakipita katikati yake wakibisha hodi.

"Kule bondeni ulitazama mtoni," shangazi alisema. "Hapa wakasema nyumba zote zitazame njia."

Na shamba lilibaki kulekule. Hili ndilo lililowalemea watu, hasa wanawake. Udongo wa juu ni wa mchanga, unafaa mikorosho na mihogo, haufai mpunga. Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia kupanda hadi kuvuna, familia iligawanyika: wengine kijijini na watoto wa shule, wengine bondeni katika madungu kwa miezi. Dungu, ambalo zamani lilikuwa nusu ya nyumba, likawa nyumba nzima ya nusu ya familia. Watafiti wa simba walipokuja kuchunguza mauaji ya watu kusini mwa Tanzania, waligundua kwamba wengi waliouawa walikuwa mashambani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe, wamelala katika vibanda hafifu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji, aliyepewa jina la Osama, aliua zaidi ya watu 30 kabla ya kupigwa risasi. Nikisoma takwimu hizo naona ramani ya mwaka 1969 chini yake: makazi huku, chakula kule, na katikati njia ya kutembea jioni.

Nililala katika dungu la binamu yangu. Nilikuwa nimelala huko utotoni, lakini utotoni mtu halali, anaanguka tu. Safari hii nililala kwa makini. Ngazi ina vipandio saba, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya usumba iliyozungushwa mara tatu na kuchomekwa mwisho wake ndani, bila fundo linaloonekana. Sakafu ni mianzi iliyopasuliwa, juu yake mkeka. Pembeni kuna kisanduku cha mbao kilichojazwa udongo, moto wa kupikia humo humo juu, moshi unatoka katika makuti na kuwafukuza mbu kiasi. Tulikula wali wa mpunga mpya, wenye utomvu bado, kwa kambale wa nazi. Kuta ni za matete, hazifiki kwenye paa, na nafasi iliyoachwa ipo kwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi, ili aone shamba bila kuinuka. Nilipima kwa mkono wangu: ukiketi unaona hadi mwisho wa shamba, ukilala upepo unakupita juu. Mtu aliyekiamua kipimo hicho aliishi na mpunga maisha yake yote.

Usiku binamu alipiga debe mara mbili na kusikiliza. Kiboko alikuwa ng'ambo, akila bila haraka. Tulizungumza juu ya mto. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 huko juu mtoni, na watu wengi wa bondeni walitarajia kwamba mafuriko makubwa yamekwisha. Aprili 2024 maji yaliwafuata Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na nyumba, na dungu lililotangulia lile tulilolalia likachukuliwa pamoja na mpunga wote. Binamu anasema mto umepoteza zamu yake, mtu hajui tena lini apande. Sijui hesabu za mitambo na mageti. Najua kwamba wakulima hawa walikuwa na kalenda ya maji iliyopimwa kwa vizazi, na yeyote anayeuendesha mto ule leo anapaswa kuwajulisha siku zake mapema, kwa jina la kijiji na kwa tarehe.

Asubuhi tulikwenda kwenye mahame. Ni mwendo mfupi kutoka dungu, juu ya ukingo wa mfereji uliokauka. Miembe minne, mmoja umepigwa radi. Makaburi yako upande wa kibla, mengine yamezungushiwa miti iliyochipua. Udongo wa pale nyumba iliposimama bado uko juu kidogo, kwa sababu kila ukuta ulioanguka uliachwa palepale na mwingine ukakandikwa juu yake. Binamu alinionyesha kwa jembe: ukichimba kidogo unaona tabaka jekundu la udongo ulioungua, kisha jeusi la mto, kisha jekundu tena. Huenda lile la chini ndilo majivu ya wazee, sitadai hivyo. Ila hapo kuna kitabu cha nyumba yetu, na wanaakiolojia waliofanya kazi nzuri Kilwa wangeweza kukisoma wakitaka.

Watu huniuliza inawezekanaje nyumba inayobomolewa kila mara iitwe ya kale. Huwa nawajibu kwa mfano wa mbali. Japani kuna hekalu la Ise, ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya, kwenye kiwanja kilicho kando ya kile cha zamani, nalo linahesabiwa miongoni mwa majengo ya kale kabisa ya nchi hiyo. Ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka 2013. Unaofuata umepangwa 2033. Wajapani wanasema kilichohifadhiwa ni ufundi na mpango, kwa sababu kijana anayechana mbao leo atakuwa mzee wa kuwaelekeza wengine zamu ijayo. Hukohuko, katika kijiji cha Shirakawa, nyumba za familia zenye mapaa marefu ya nyasi huezekwa na majirani wote kwa pamoja, na mgeni hulipa aingie kuzitazama. Sioni tofauti ya msingi kati ya kazi hiyo na siku shangazi anapowaita watu wa Mtunda kukandika, wanawake wakileta maji na kukanyaga udongo, wanaume wakifunga fito, ubwabwa ukiwa jikoni. Tofauti ni kwamba kwao kuna mtu aliyeandika mwaka, majina na idadi ya nguzo.

Kwa hiyo nimeanza kuandika. Nimechora mpango wa nyumba kwa vipimo. Nimeandika nani alijenga, nani alibomoa, nani alikandika ukuta upi na kwa udongo wa wapi, kwa kadiri shangazi anavyokumbuka. Ukuta wa kusini ulijengwa upya baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ukuta wa nyuma ulijengwa mwaka 2018, baada ya ule mwaka wa hofu wa 2017 ambapo viongozi wa vijiji na askari waliuawa Kibiti, na watu wengi wa Mtunda, shangazi akiwemo, walilala kwa ndugu zao Mbagala, nyumba ikabaki bila moto na mchwa wakapata nafasi.

Sasa ami zangu wanataka kujenga kwa tofali. Wana hoja: kibali cha nguzo ni usumbufu, makuti ni ghali, na tofali halikandikwi kila mwaka. Sikuwapinga. Nyumba hii imewahi kubadilika kwa sababu kubwa kuliko hizo. Nilichoomba ni kwamba fremu ya mlango wa mkongo iachwe iamue upana wa ukumbi, na nguzo mbili za msinzi zisimame barazani hata kama hazitabeba kitu. Ami mkubwa alisema msinzi uliokatwa mara zote hizo sasa ni mfupi, hautafika kwenye paa.

"Tutaujengea kiti cha tofali chini," shangazi akasema, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Kizingiti cha chini kimelika, ukija Desemba uje na kipande cha mkongo, kiwe kikavu."